Madoa ya Chui Wawili

Katika duka moja la vinyago mjini Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda lango la Lodoare, wametundikwa chui wawili. Wote wawili wamechorwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, juu ya mandhari ya njano inayoiva na kuwa rangi ya chungwa kadiri jicho linavyoshuka. Miili yao inaonekana kwa ubavu, lakini vichwa vimegeuka kumtazama mnunuzi. Nilimwuliza muuzaji kama wametoka katika mkono mmoja. Akanijibu kwa upole, "Kaka, hizi ni Tingatinga, chui wote wa Tingatinga wako hivi."

Nimelichukua jibu hilo kwa uzito. Ndilo ambalo wakili wa mdaiwa angelitoa mahakamani kama mchoraji wa chui mmoja angemshtaki mchoraji wa mwingine kwa kukiuka hakimiliki yake. Na ndilo, kwa maneno mengine, ambalo wahakiki wetu wamekuwa wakilitoa kwa miaka mingi: kwamba picha hizi ni bidhaa za watalii, zinafanana kama vitumbua vya kikaango kimoja, na hakuna haja ya kuitazama hata moja kwa makini. Mimi naamini kuna haja. Nilikaa mbele ya wale chui kwa muda wa karibu saa nzima, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyaona.

Kwanza nimpe muuzaji haki yake, maana kwa sehemu yuko sahihi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Muda wote wa kazi yake haukuzidi miaka minne. Alichora juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, kwa rangi zilezile zilizokuwa zikipakwa baiskeli na milango. Aliweka mnyama mmoja katikati, akaiacha mandhari bila mlima wala upeo, hakutia kivuli, na akayafanya madoa kuwa kazi kuu ya brashi. Waliomfuata walikuwa ndugu na watu wa nyumbani kwao, akina Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda na Simon Mpata. Walijifunza kama fundi yeyote anavyojifunza: mwanafunzi anajaza rangi katika mistari ya mwalimu, anarudia, anarudia tena, mpaka mkono unajua njia. Mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wenye jina lake. Kwa hiyo kufanana kwa chui hawa kuna ukoo. Ni kama bahari ya utenzi: mizani na vina ni vya wote, na hakuna mtunzi anayemshtaki mwenzake kwa kutumia mizani minane.

Sheria nayo inasema hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo, mbinu wala kanuni ya kufanyia kazi. Inalinda kazi yenyewe, jinsi ilivyotoka mkononi mwa mtu, na inailinda tangu inapoumbwa, bila kungoja cheti wala muhuri. "Chui mwenye madoa juu ya mandhari ya njano" ni wazo. Kichwa kilichogeuzwa mbele juu ya mwili wa ubavuni ni mbinu ya ukoo. Hakuna mchoraji, awe Mto wa Mbu au Msasani, anayeweza kuvifungia vitu hivyo sandukuni mwake.

Pembeni mwa chui hao palikuwa na mfano ulio wazi zaidi. Ni zile picha za kisu, ambazo kila aliyepita Karatu amezikuta: Wamaasai warefu wembamba, safu moja, shuka nyekundu, mikuki, jua linazama nyuma yao. Nilizihesabu kumi na moja katika duka lile moja. Miili imerefushwa, nyuso hazina macho, na miguu inaishia katika mchirizi wa rangi uliovutwa na kisu mara moja. Ukimwuliza muuzaji nani alianza, hutapata jibu, na sidhani kama litapatikana. Safu, jua, mkuki na wekundu vimekuwa msamiati wa aina hiyo ya picha, kama "paukwa" na "pakawa" katika hadithi. Anayevitumia hamwibii mtu. Anayezihakiki picha hizo anaweza kusema ni za uvivu, na mimi nasema hivyo, lakini uvivu haumpeleki mtu mahakamani.

Mzizi wa jambo ni kwamba sheria, inapokataa kulinda mtindo na kukubali kulinda kazi, inamlazimisha hakimu awe msomaji wa umbo. Lazima mtu aseme mtindo unaishia wapi na kazi inaanzia wapi. Kesi zetu zinazojulikana zaidi hazikumpa hakimu mzigo huo. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao "Dakika Moja" na "Usije Mjini" kama miito ya simu bila idhini, na kampuni ikakata rufaa. Nyimbo zilichukuliwa nzima nzima, hivyo kilichogombaniwa hakikuwa umbo la wimbo, ni ruhusa. Mgogoro wa miaka mingi juu ya "Malaika", kati ya jina la Fadhili William na jina la Adam Salim, ulikuwa wa kumtafuta mwenye wimbo. Wimbo wenyewe kila mtu aliujua. Chui wa Karatu wanauliza swali la tatu: kilichochukuliwa ni kiasi gani, na ni cha nani?

Mfano bora ninaoujua wa hakimu kulibeba swali hilo umetoka London, na inafaa kuukumbuka kwa sababu nao ulihusu picha ya kuwauzia wageni. Kampuni moja ya vitu vya ukumbusho ilikuwa na picha ya basi jekundu likivuka Daraja la Westminster, huku Bunge na daraja vimeachwa katika rangi nyeusi na nyeupe na mbingu ikiwa nyeupe tupu. Kampuni ya majani ya chai ilitaka picha ya namna hiyo kwenye makopo yake. Ikakusanya picha nyingine, ikazichezea kwenye kompyuta mpaka zikapata sura ileile. Mwaka 2012 Jaji Birss aliamua kwamba hakimiliki imekiukwa. Hakuna aliyedai kuwa na umiliki wa basi, Bunge au rangi nyekundu. Jaji aliitazama picha kama mhakiki: basi limewekwa wapi, linakaribiana vipi na mnara wa saa, kwa nini mbingu imefutwa, jinsi wekundu mmoja unavyovuta jicho katikati ya majivu. Akaona kwamba maamuzi hayo, yakiwa pamoja, ni kazi ya mtu, na kwamba mkusanyiko huo ndio uliochukuliwa. Wengi walimlaumu kwamba amelinda wazo. Mimi naona alifanya jambo gumu na la haki. Alisoma.

Basi tuwasome chui wetu.

Chui wa kwanza, aliye kushoto, ana mstari mmoja wa mgongo unaoanzia nyuma ya sikio na kwenda hadi mkiani bila kukatika. Ukiusogelea unaona mahali brashi ilipoongezwa rangi, juu kidogo ya kiuno, kwani mstari unanenepa ghafla halafu unakonda tena. Mkia haukuning'inizwa nyuma kama wa chui wa kweli. Umepandishwa, umejipinda mara mbili, ncha yake ikaingia kwenye kona ya juu ambayo bila hiyo ingekuwa tupu. Mchoraji alijua kwamba mandhari yake haina mti wala ndege, na kwamba kona ile ingeivuta picha nzima upande mmoja. Mkia ndio mzani wake.

Halafu madoa. Kwenye bega ni makubwa, meusi, yenye kahawia ndani na nukta nyeupe katikati. Yanapoelekea tumboni yanapungua, nukta zinakuwa ndogo, na nafasi kati ya doa na doa inafinywa. Mtindo huu hauna kivuli. Huo ni mwiko wa ukoo. Lakini kwa kupunguza madoa mchoraji ameupa mwili uviringo bila kuuvunja mwiko. Ubavu unajaa kama gunia la mahindi, na unajaa kwa hesabu tupu ya nukta. Kwenye paja la nyuma madoa yameacha safu na kujipanga duara, kuzunguka mahali ambapo kiungo cha nyonga kingekuwa. Nimeona chui wengi wa Tingatinga, Arusha, Dar es Salaam na Unguja, na sikumbuki mwingine mwenye duara hilo. Hapa mtindo umeishia na kazi imeanza.

Chui wa pili ana mgongo uleule, na unanenepa mahali palepale juu ya kiuno. Ila unene huo haukutokana na brashi kuongezwa rangi. Umechorwa kwa makusudi, kingo zake mbili zikiwa safi. Mkia wake umejipinda mara mbili, lakini kitambaa ni chembamba zaidi, hivyo ncha imekatwa na ukingo, na kona iliyokuwa ikihitaji mzani haipo tena. Duara la madoa kwenye paja lipo. Madoa ya ubavuni yana nukta nyeupe katikati vilevile, ila yote yana ukubwa mmoja, na ubavu umelala bapa kama mkeka.

Kilichonimalizia shaka ni mguu wa mbele wa kushoto. Chui wa kwanza ana kucha nne katika kila mguu, isipokuwa huo una tatu. Nilidhani ni kosa, mpaka nikaona jani moja la nyasi, jembamba, la kijani kilichoiva, lililosimama mbele ya mguu na kuifunika kucha ya nne. Ndiyo nyasi pekee katika picha nzima. Chui wa pili hana nyasi, lakini mguu wake wa mbele wa kushoto una kucha tatu.

Wahariri wa miswada ya kale ya tenzi wanaijua njia hii ya kusoma. Nakala mbili zikiwa na ubeti uleule, na katika moja kuna jambo lenye sababu yake, katika nyingine kuna jambo lilelile lakini sababu imetoweka, unajua ipi imezaa ipi. Anayetunga huacha sababu zake ndani ya kazi. Anayenakili huona tokeo tu, akalibeba. Kucha tatu bila nyasi ni yatima. Hazina maana yoyote katika picha ya pili, na zina maana kamili katika ya kwanza.

Ningekuwa wakili wa mdaiwa ningejitetea kwa njia tatu. Ningesema wote wawili walinakili picha ya tatu, ya zamani. Hilo linawezekana, na mdai angepaswa kuonyesha kwamba picha yenye nyasi ni yake. Ningesema mchoraji ni mmoja, amejirudia. Lakini mchoraji aliyevumbua namna ya kuujaza ubavu kwa nukta hawezi kuisahau akakumbuka kucha. Mwisho ningesema kwamba picha ya pili imebadilisha mengi: vipimo, nyasi, ukubwa wa madoa. Utetezi huu ndio unaosikika sana mitaani, eti ukibadilisha vitu kadhaa umekuwa salama. Si kweli. Swali la kisheria ni kama kilichochukuliwa ni sehemu ya maana ya kazi ya mwenzako, na umaana huo hupimwa kwa uzito kabla ya wingi. Duara la pajani ni kipande kidogo kuliko kiganja changu. Ndicho kipande ambacho mtu yule alikibuni.

Kuna kitu kingine kwenye picha hizi, nacho ni saini. Chini ya chui wa kwanza, upande wa kulia, pameandikwa jina la mtu, kwa brashi nyembamba, herufi zimelala kidogo. Silitaji hapa kwa sababu sikupata nafasi ya kumwomba ruhusa. Chini ya chui wa pili pameandikwa TINGATINGA, basi. Sheria ya 1999 inampa mtunzi haki mbili zinazotofautiana: haki za kiuchumi, ambazo anaweza kuziuza, na haki ya kimaadili ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake na ya kupinga kuharibiwa kwake. Kwa kipimo cha sheria hiyo, haki za kiuchumi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki mwaka 1972 hesabu hiyo ilikwisha pamoja na mwaka 2022. Kwa hiyo mtu anaweza leo kumchora upya chui wa mzee Edward Saidi mwenyewe, doa kwa doa, na hakimiliki isimguse. Chui wa mchoraji aliye hai hawezi kumchora hivyo. Kuliandika jina la marehemu chini ya kazi iliyonakiliwa kwa aliye hai ni kumfuta mtu mara mbili: mnunuzi anayerudi kwao na kitambaa hicho hatajua kwamba kuna mchoraji mwingine wa kumtafuta, na mzee aliyeanzisha ukoo anabebeshwa ubavu bapa asiouchora.

Sikutoka dukani bado. Juu ya kiti cha mkeka palikuwa na mito miwili ya kuegemea, foronya zake zimechapwa kwa mashine picha ya ukosi wa shanga wa Kimaasai, ule mpana unaokaa mabegani kama sahani. Uchapaji ulikuwa safi kiasi kwamba nyuzi zilionekana kati ya shanga. Hapa msomaji wa umbo anakutana na kitu kigumu zaidi. Ukosi wa shanga una sarufi. Rangi hazifuatani ovyo: nyeupe inaitenga nyekundu na bluu, chungwa linawekwa mahali ambapo mfululizo unahitaji kukatwa, na mkato huo ndio unaompa mtazamaji mahali pa kupumzisha jicho. Akina mama wa Ngorongoro wanaoushona huo wanaweza kukuambia, kwa kuutazama tu, kama umetengenezwa na watu wa kwao au wa mbali, na kama ni wa mtindo wa rika hili au lililopita. Shanga zenyewe zimetoka viwandani Ulaya kwa muda mrefu, hasa Bohemia. Wanaosema kwamba kwa sababu hiyo pambo si la Wamaasai wanachanganya mchanga na nyumba.

Mchoraji wa chui ana jina. Ukosi una vizazi. Sheria ya 1999 haikulisahau hilo: ina sehemu nzima juu ya sanaa za jadi, iliyofuata kwa karibu vifungu vya mfano vilivyotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982. Inataka idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, pale sanaa ya jadi inapotumiwa kwa nia ya kupata faida na nje ya muktadha wake wa kimila. Nimelisoma sharti hilo mara nyingi, na uzito wake wote umeegemea neno moja dogo, "na". Masharti mawili lazima yakutane. Mama anayeuza ukosi bomani kwake, kwa wageni walioshuka kutoka kwenye gari, anapata faida, lakini mkono ni wake na pambo liko kwao, hivyo neno hilo dogo linamlinda. Foronya iliyochapwa kiwandani inatimiza yote mawili bila ubishi. Nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilipotoa nguo za kiume za mwaka 2012 zenye miraba ya shuka, nayo ilikuwa mbali na boma na karibu sana na faida. Wamaasai wa Tanzania na Kenya nao wamejaribu kujipanga kudai malipo ya jina na alama zao, na mwaka 2017 kampuni moja ya nguo ya Uingereza, Koy Clothing, ilikubali kuwalipa. Hayo yalipatikana kwa mazungumzo. Hayakutokana na hukumu.

Udhaifu wa sehemu hiyo ya sheria ni kwamba idhini inatolewa na Baraza lililoko Dar es Salaam, wakati anayejua kama mkato wa chungwa umewekwa mahali pake yuko Nainokanoka au Endulen, huko Ngorongoro. Siku foronya ile itakapofika mbele ya hakimu, atakayehitajika kizimbani kwanza ni mama huyo. Maneno ya uhakiki anayo tayari, kwa Kimaasai. Kazi yetu tunaoandika kwa Kiswahili ni kuyatafsiri vizuri.

Kuhusu chui, hukumu yangu ni hii: wa kwanza ni kazi ya mtu, wa pili amenakiliwa kutoka kwake au kutoka kwa nakala yake, na kilichochukuliwa ni kile hasa ambacho mtindo haukumpa mchoraji bure. Lakini hukumu ya mhakiki hailipi fidia wala haizuii nakala nyingine kuchapwa. Kwa hiyo nawaomba wachoraji wa Karatu na Mto wa Mbu: kabla picha haijatoka mikononi mwenu, ipigeni picha kwa simu, mbele na nyuma, na karibu pale mlipobuni jambo. Andikeni jina lenu kamili na tarehe nyuma ya kitambaa. Ipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isajiliwe. Usajili hauwapi haki mpya, unawapa ushahidi. Na wewe unayepita kuelekea Lodoare, ukisimama kununua chui, hesabu kucha zake.